Namna ya Kuifuatilia Hatua ya Milima ya Tour de France na Kutambua Inapoamuliwa

Mtazamaji anayewasha televisheni zikiwa zimebaki kilomita 5 za mwisho za kupanda huona kwamba watu wamechoka na kwamba mmoja wao amechomoka. Huyo ameyapata matokeo, lakini sababu zimempita, kwa kuwa katika hatua ya milima, yaani siku moja inayopita milimani katika mbio za baiskeli za kulipwa za siku nyingi, sababu hutokea saa moja, mbili au hata tatu kabla ya hapo, mara nyingi juu ya mlima ambao hakuna atakayekumbuka nani aliufika kileleni wa kwanza. Mwongozo huu unaeleza mambo ya kuangalia tangu asubuhi ya siku ya hatua hadi matokeo yanapotangazwa, na kanuni inayoushikilia wote ni hii: usimtazame sana aliye mbele, wahesabu wasaidizi waliobaki pamoja na kila kiongozi, yaani yule ambaye timu yake inamfanyia kazi ili ashinde.

Mfano nitakaourudia ni hatua ya 11 ya Tour de France ya mwaka 2022, iliyoondoka Albertville tarehe 13 Julai na kumalizikia juu ya mlima Col du Granon baada ya kilomita 151.7. Nimeichagua kwa sababu karibu kila jambo linaloweza kufundishwa kuhusu milima lilitokea ndani ya siku hiyo moja: aliyekuwa na jezi ya njano, ambayo huvaliwa na anayeongoza kwa muda wa jumla wa hatua zote, Tadej Pogačar, alionekana mwenye nguvu kuliko wote kwa sehemu kubwa ya safari, kisha akapoteza karibu dakika 3 katika kilomita zisizofika 5.

Neno moja kuhusu saa. Katika mwezi wa Julai, saa za Ufaransa ziko nyuma ya saa za Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja, kwa hiyo hatua inayoanza adhuhuri kule huanza saa saba mchana huku na kumalizika jua linapokaribia kuzama. Msomaji aliyeko Kigali, Bujumbura au Lubumbashi hahitaji kubadili chochote, kwani majira yake na ya Ufaransa wakati huo wa mwaka ni yale yale.

Anza na mchoro wa njia

Waandaaji hutoa mchoro unaoonyesha kupanda na kushuka kwa barabara kilomita baada ya kilomita, na mtu asiyeutazama kabla ya mbio atabaki kutegemea maneno ya mtangazaji. Kila mlima huandikwa urefu wa njia ya kuupanda na wastani wa mwinuko kwa asilimia. Asilimia 9 maana yake ni kwamba katika kila mita 100 za barabara, mwendeshaji hupanda mita 9 kwenda juu. Col du Granon ina kilomita 11.3 zenye wastani wa asilimia 9.2, na ukizidisha unapata zaidi ya mita 1,000 za kupanda bila pumziko la maana.

Wastani, hata hivyo, huficha mengi. Col du Galibier, iliyopandwa siku hiyo hiyo kabla ya Granon, ina kilomita 17.7 kutoka Valloire na wastani wa asilimia 6.9, jambo linaloweza kumfanya msomaji wa haraka aione kuwa nyepesi. Ukweli ni kwamba sehemu yake ya mwanzo ni ya taratibu na kilomita 8 za mwisho ndizo kali, tena zinapandwa katika hewa nyembamba, maana kilele kiko mita 2,642 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo tafuta mchoro unaogawa mlima kwa kilomita moja moja, kisha weka alama mahali ambapo mwinuko unabadilika ghafla. Mashambulizi mengi ya kweli hutokea hapo, au mita chache baada ya hapo.

Milima hupewa madaraja kuanzia la 4, ambalo ni jepesi, hadi la 1, na juu ya hilo kuna daraja la milima iliyopita kipimo. Madaraja haya yana kazi ya kugawa pointi za jezi nyeupe yenye madoa mekundu: wa kwanza kileleni mwa mlima uliopita kipimo hupata pointi 20, wa daraja la 1 hupata 10, wa daraja la 2 hupata 5, na wa daraja la 4 hupata 1 tu. Usiyachukulie kama kipimo cha hatari kwa wanaowania ushindi wa jumla, kwa sababu mlima wa daraja la 1 ulio mwanzoni mwa siku unaweza kupandwa kwa mwendo wa mazungumzo, ilhali mlima mdogo ulio kabla ya mteremko wa mwisho unaweza kuvunja timu nzima.

Mambo mawili zaidi ya kusoma katika mchoro ni urefu wa mabonde yaliyo kati ya milima na mahali ulipo mstari wa mwisho. Bonde refu lenye barabara tambarare humwumiza mtu aliye peke yake, kwa kuwa upepo wote ni wake, na humsaidia mwenye wenzake wa kupokezana. Hatua inayomalizikia kileleni hulipa nguvu tupu. Inayomalizikia chini baada ya mteremko humpa nafasi mwenye ujuzi wa kona. Halafu kuna suala la urefu kutoka usawa wa bahari. Kwenye mita 2,400, mahali kilipo kilele cha Granon, shinikizo la hewa limepungua kwa takriban robo, na oksijeni inayoingia katika kila pumzi imepungua kwa kiasi hicho hicho. Wapo waendeshaji wanaopanda vizuri sana hadi mita 1,800 na kuanza kudhoofika wakivuka hapo, na udhaifu wao hujulikana na wapinzani mapema kuliko unavyojulikana na watazamaji.

Saa ya kwanza: nani amechomoka, na kwa nini

Katika hatua ya milima kundi la waliochomoka mapema halipatikani kwa urahisi. Watu hushambulia, hukamatwa, hushambulia tena, na pengine saa nzima hupita kabla kundi kuu halijakubali kuwaachia baadhi yao waende. Kazi ya mtazamaji katika kipindi hiki ni kuandika majina ya walioko mbele pamoja na timu zao, kisha kuuliza kila mmoja ametumwa kufanya nini.

Wengine wamekwenda kutafuta ushindi wa hatua, nao ni watu walio mbali sana katika msimamo wa jumla kiasi kwamba mwenye jezi ya njano hana sababu ya kuwafuata. Wengine wanatafuta pointi za milima, na utawajua kwa jinsi wanavyokimbizana mita 300 kabla ya kilele na kutulia mara baada ya kukivuka. Aina ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote na ndiyo inayopuuzwa: wasaidizi waliotumwa mbele ili wamsubiri kiongozi wao. Msaidizi wa namna hii hashindani na yeyote. Anapanda kwa kiasi, anavuka mlima akiwa mbele ya wenye nguvu kuliko yeye, na saa mbili baadaye kiongozi wake anapofika katika bonde akiwa hana mtu, anamkuta mwenzake barabarani na nguvu bado anazo.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 13 Julai 2022. Wout van Aert wa timu ya Jumbo-Visma alichomoka pamoja na Mathieu van der Poel tangu mbio zilipofunguliwa rasmi, na baadaye mwenzake Christophe Laporte naye akawa mbele. Mtangazaji angeweza kudhani kwamba van Aert, aliyekuwa amevaa jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi, anatafuta pointi za mbio za kasi zilizowekwa njiani, na hilo ni kweli kwa kiasi. Lakini timu iliyokuwa na viongozi wawili nyuma, Jonas Vingegaard na Primož Roglič, haipeleki watu wake wenye nguvu mbele bila mpango.

Wahesabu wasaidizi

Barabara ikiwa tambarare na mwendo ukiwa kilomita 45 kwa saa, mwendeshaji anayejificha nyuma ya mwenzake huokoa karibu theluthi moja ya nguvu zake, na aliye katikati ya kundi huokoa zaidi. Kwenye mlima mkali mwendo hushuka hadi kilomita 20 kwa saa au chini ya hapo, upepo hupungua, na faida hiyo huwa ndogo. Hapo ndipo watazamaji wengi hukosea kwa kudhani kwamba msaidizi mlimani hana kazi. Kazi anayo tena kubwa: huweka mwendo mkali usiobadilika ili wapinzani wasipate pumzi ya kushambulia, hurudi kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji, humpa kiongozi baiskeli yake au gurudumu lake akipata pancha, na hupambana na upepo katika mabonde na kwenye vilele vilivyo wazi. Zaidi ya hayo yote, huwalazimisha wengine kutumia nguvu.

Hilo la mwisho ndilo lililoamua siku ya Granon. Pogačar alianza hatua akiwa na timu iliyopungua, kwani wenzake wawili walikuwa wameshaondoka mashindanoni kwa sababu ya maambukizi ya UVIKO-19. Jumbo-Visma walianza kushambulia kwenye Col du Télégraphe, mlima unaotangulia Galibier, na walipofika mwanzo wa Galibier Pogačar alikuwa amezungukwa na wapinzani bila msaidizi hata mmoja. Roglič alishambulia, Pogačar akamfuata. Roglič alipokamatwa, Vingegaard akashambulia, Pogačar akamfuata huyo pia. Kisha Roglič tena. Katika kila shambulio mmoja wa wale wawili alikuwa akipumzika, na mwenye jezi ya njano hakupumzika kamwe.

Kwenye televisheni ilionekana kana kwamba Pogačar anawatawala. Alizifunga nafasi zote, na baadaye akaongeza mwendo mwenyewe kiasi cha kumwacha Roglič, akabaki na Vingegaard peke yake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye somo la thamani kuliko yote: mtu anayejibu kila shambulio kwa miguu yake mwenyewe anaonekana mkubwa na wakati huo huo anajimaliza. Roglič alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya dakika 2 katika msimamo, na kumwachia aende kwa muda kungewapa timu nyingine sababu ya kumfuata. Pogačar alichagua kumfuata mwenyewe.

Kwa hiyo kila mlima unapoanza na unapoisha, hesabu. Andika karatasini: kiongozi fulani anao watatu, fulani mmoja, fulani hana. Angalia pia walio mbele, kwa sababu msaidizi aliyeko mbele ana thamani kubwa kuliko aliyeko nyuma. Katika bonde lililofuata Galibier, baadhi ya walioachwa wakiwa wamerudi, Jumbo-Visma walikuwa na van Aert wa kuwavuta, wakati Pogačar alibaki na Rafał Majka kwa sehemu ya chini ya Granon. Zikiwa zimebaki karibu kilomita 5, Vingegaard aliondoka, na safari hii mwenye jezi ya njano hakuwa na la kumjibu.

Mfano mwingine wa mtu aliyetangulia kumsubiri mwenzake ulionekana Italia tarehe 31 Mei 2025, katika hatua ya 20 ya Giro d'Italia. Isaac del Toro alikuwa na jezi ya waridi, ambayo huko ndiyo ya anayeongoza, Richard Carapaz alimfuata kwa tofauti ya sekunde 43, na Simon Yates alikuwa wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 21. Kwenye Colle delle Finestre, Yates alichomoka, na wale wawili wa mbele wakawa wanatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake afanye kazi ya kumfuata. Kumbe van Aert, ambaye sasa alikuwa mwenzake Yates, alikuwa ametangulia na kundi la mbele. Alimpokea Yates baada ya kilele na kumvuta chini na bondeni. Yates alitwaa jezi ya waridi siku hiyo na kuipeleka hadi Roma. Aliyekuwa ameandika jina la van Aert kwenye orodha yake ya asubuhi alijua tangu Yates anapovuka kilele kwamba dakika zitaongezeka.

Chakula, maji na njaa ya ghafla

Mwendeshaji wa kulipwa wa siku hizi hula kati ya gramu 90 na 120 za wanga kwa saa, sehemu kubwa ikiwa ni vinywaji na jeli, na katika hatua ya saa 4 au 5 kiasi hicho hakina mzaha. Akikosa kula kwa nusu saa katika mlima wa pili, adhabu itakuja katika mlima wa mwisho, na ikija haina tiba ya papo hapo: miguu hukataa, mwili husikia baridi, akili hupoteza mpangilio. Angalia basi nani anakula na nani hali. Kiongozi aliye peke yake, asiye na mtu wa kumletea chupa, huanza kuruka milo yake kwa sababu hathubutu kurudi nyuma kwenye gari la timu wakati wapinzani wake wako mbele.

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kuanza kujifunza mbio hizi kwa David Kinjah pale Kikuyu, alitoa mfano wa upande wa pili wa jambo hili. Mei 2018, katika hatua ya 19 ya Giro d'Italia, aliondoka peke yake kwenye Colle delle Finestre zikiwa zimebaki kilomita zipatazo 80, akashinda hatua kwa dakika 3 na kutwaa jezi ya waridi. Watu hukumbuka ujasiri, lakini timu yake ilikuwa imewapanga wafanyakazi wake kando ya barabara ya mlima huo, ambayo sehemu yake ya juu ni ya changarawe, ili apate chakula na maji kwa vipindi vilivyopangwa na asibebe uzito usio wa lazima. Chupa ya nusu lita ina uzito wa nusu kilo, na katika mchezo ambao baiskeli yenyewe hairuhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8, nusu kilo si kitu kidogo mlimani.

Kuhusu kuishiwa kabisa, Pogačar mwenyewe alitoa kauli fupi kuliko zote mwaka 2023 alipokuwa akipanda Col de la Loze, akiwaambia wenzake kwa redio kwamba amekwisha, amekufa. Siku hiyo alipoteza dakika 5 na sekunde 45 kwa Vingegaard. Redio za timu hurushwa hewani kwa sehemu, nazo zinafaa kusikilizwa, ingawa yanayorushwa huchujwa kwanza.

Mteremko nao ni uwanja wa vita

Usiende jikoni wakati wa kushuka. Waendeshaji huweza kupita kilomita 80 kwa saa, na tofauti kati ya anayezijua kona na anayeziogopa hufikia nusu dakika katika mteremko mmoja. Mnamo 14 Julai 2022, siku moja baada ya Granon, Tom Pidcock alishuka Galibier kwa namna iliyomwezesha kulifikia kundi la mbele, kisha akashinda hatua juu ya Alpe d'Huez.

Mteremko pia huvunja ushirikiano wa wanaofukuza. Katika ile hatua ya Froome ya 2018, kundi la Tom Dumoulin lililokuwa likimfuata lilimsubiri Sébastien Reichenbach, msaidizi wa Thibaut Pinot, ili wapate mtu wa kuvuta bondeni, na Reichenbach hakuwa mwepesi wa kushuka. Ndani ya kundi hilo hilo Carapaz na Miguel Ángel López walikuwa wakigombea jezi nyeupe ya vijana, hivyo hawakuwa tayari kufanya kazi. Watu wanne au watano wanaofukuza si lazima wawe na kasi kuliko mmoja. Inategemea kila mmoja wao anapata nini wakifaulu.

Kusoma mlima wa mwisho

Sasa ndipo picha za televisheni zinapokuwa na maana, na ni vyema kujua zinavyodanganya. Muda na umbali si kitu kimoja. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, sekunde 30 ni mita 167 tu, kwa hiyo anayefukuza humwona mwenzake waziwazi kwenye kona ya juu na wewe ukadhani karibu atamshika. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa kwenye mteremko, sekunde hizo hizo ni nusu kilomita. Iamini saa, usiyaamini macho.

Katika kundi linalopungua, mtu anayekaribia kuachwa hujionyesha kwa nafasi anayoiacha kati ya gurudumu lake la mbele na la nyuma la mwenzake. Nafasi ikiwa ya kiganja, yuko salama. Ikifika mita moja, kisha akaifunga, kisha ikafunguka tena baada ya kona, basi huyo amebakiwa na dakika chache. Mabega yanayoyumba na gia nzito inayozungushwa polepole ni dalili nyingine, lakini zinahitaji kulinganishwa na tabia yake ya siku zote, maana wapo wapandaji wakubwa wenye mwendo usiopendeza. Zipu ya jezi iliyofunguliwa na uso wenye jasho havikuambii kitu siku ya joto. Aliyekaa mkiani mwa kundi la wanane huku zamani akikaa wa pili au wa tatu anakuambia mengi.

Shambulio nalo lina vipimo vyake. Mtu akisimama juu ya pedali na kuruka mbele, usishangilie bado, subiri aketi. Kama nafasi inaendelea kukua baada ya kuketi, shambulio ni la kweli. Vingegaard alipoondoka kwenye Granon nafasi ilikua na kuendelea kukua, akampita Nairo Quintana aliyekuwa ametangulia, na kufika juu akiwa na sekunde 59 mbele ya Quintana na dakika 1 na sekunde 10 mbele ya Romain Bardet. Pogačar alifika wa saba, kwa dakika 2 na sekunde 51.

Hesabu ya jezi

Kinachofuata watu wengi huwaachia waandaaji, ingawa ni hesabu ya shule ya msingi na huongeza raha ya kutazama. Kabla ya hatua, Pogačar alikuwa mbele ya Vingegaard kwa sekunde 39. Amepoteza dakika 2 na sekunde 51, yaani sekunde 171. Mshindi wa hatua hupunguziwa sekunde 10 katika muda wake wa jumla, wa pili 6, wa tatu 4. Ongeza hizo 10 na unapata 181. Toa zile 39 alizokuwa nazo, zinabaki 142, ambazo ni dakika 2 na sekunde 22. Hiyo ndiyo tofauti iliyoandikwa jioni ile kati ya Vingegaard na Pogačar. Ukiwa na msimamo wa asubuhi karatasini, unaweza kujua jezi imehama wakati mshindi amefika na mpinzani wake bado yuko barabarani.

Kumbuka pia kwamba ile kanuni inayowapa muda wa kundi wale wanaoanguka au kupata pancha katika kilomita 3 za mwisho haitumiki pale hatua inapomalizikia kileleni. Mlimani kila mmoja hulipa muda wake mwenyewe.

Wale wa nyuma

Nusu saa nyuma ya mshindi kuna mashindano mengine ambayo kamera huyaonyesha kidogo sana. Watu wa mbio za kasi, wenye miili mizito, hukusanyika katika kundi moja linaloitwa grupeto na kupanda pamoja kwa hesabu, kwa sababu anayezidi muda uliowekwa huondolewa. Muda huo ni asilimia fulani ya muda wa mshindi, na asilimia hutegemea ugumu wa hatua na kasi ya mshindi. Vingegaard alitumia saa 4 na dakika 18. Tuseme asilimia ni 15, basi wa nyuma kabisa wanaruhusiwa kuchelewa kwa dakika 38 na ushei. Mkongwe wa grupeto hujua wapi pa kupoteza muda na wapi pa kuurudisha, na huurudisha kwenye mteremko na bondeni. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alitwaa jezi ya kijani pamoja na hatua 3, na jezi hiyo hupatikana kwa kuvuka salama kila hatua ya milima hadi mwisho, si kwa kasi ya hatua za tambarare peke yake.

Ukitaka kwenda barabarani

Ulaya ni mbali kwa wengi wetu, lakini Tour du Rwanda hupita kwenye vilima halisi kila mwaka, na Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabara mnamo Septemba 2025. Mbio hizo za Kigali zilikuwa za siku moja, ila zilikuwa na kupanda kwingi kiasi kwamba wanaume 30 tu ndio waliomaliza. Yote yaliyoelezwa hapo juu yanafaa huko pia.

Fika mapema, kwa kuwa barabara hufungwa saa kadhaa kabla. Chagua sehemu kali ya mlima wa mwisho au wa kabla yake, mahali ambapo waendeshaji wamepunguza mwendo na wamesambaa, ili uwaone mmoja mmoja kwa muda mrefu. Kaa kando ya barabara iliyonyooka, wala si nje ya kona ya mteremko, ambako mtu akishindwa kukata kona atakuangukia. Usikimbie kando ya mwendeshaji na usimsukume. Mnamo 14 Julai 2016 kwenye Mont Ventoux, mstari wa mwisho ulishushwa hadi Chalet Reynard kwa sababu ya upepo, umati ukajibana kwenye barabara fupi zaidi, pikipiki ikasimama ghafla, na Richie Porte, Bauke Mollema na Froome wakaigonga. Froome, akiwa amevaa jezi ya njano na baiskeli yake imevunjika, alianza kupanda mlima kwa kukimbia kwa miguu.

Mwisho wa siku, kabla ya kuzima televisheni, tafuta mchoro wa hatua ya kesho. Aliyepoteza dakika leo atataka kuzirudisha, na uwezekano wake umo katika mchoro huo. Baada ya Granon, hatua iliyofuata ilirudi juu ya Galibier, ikapita Croix de Fer na kumalizikia Alpe d'Huez, yenye kilomita 13.8 na wastani wa asilimia 8.1. Pogačar alishambulia mara mbili katika mlima huo wa mwisho na Vingegaard akamfuata mara zote mbili, tofauti yao ikabaki ile ile ya dakika 2 na sekunde 22. Mbele yao, Pidcock alifika wa kwanza, Louis Meintjes wa Afrika Kusini wa pili, na wa tatu akawa Froome.